Kumpikia mgonjwa wa saratani kipindi cha kemo na mionzi

Mama yangu alitoka Ujiji akiwa na kilo 58. Alikuja kukaa kwangu Dar es Salaam kwa ajili ya matibabu ya saratani ya mlango wa kizazi: mionzi siku tano kwa wiki, kwa wiki tano, na dripu moja ya kemo, yaani dawa ya saratani, kila wiki. Wiki ya tatu mizani ikasoma 53. Daktari akaniita pembeni, akaniambia mgonjwa akiendelea kushuka hivi anaweza kushindwa kumaliza, na matibabu ya aina hii hayatakiwi kukatizwa katikati. Hadi siku ile nilidhani kazi yangu ni kumpeleka na kumrudisha. Kumbe nusu ya kazi ilikuwa jikoni.

Haya ninayoandika nimeyapata kwa madaktari, kwa mtaalamu wa lishe na kwenye sufuria zangu mwenyewe. Chakula hakiondoi saratani. Kazi yake kipindi hiki ni kumlinda mgonjwa asipungue uzito na misuli, ili mwili uweze kubeba dozi zote hadi ya mwisho. Kama mgonjwa wako ana kisukari, figo au moyo, au analishwa kwa mpira, vipimo vya chakula chake vitakuwa tofauti na vya mama, kwa hiyo pita kwa daktari wake kwanza.

Hatua ya 1: Mizani na daftari

Tafuta mizani, hata ya kuazima. Mpime asubuhi kabla hajala, siku ileile kila wiki, akiwa amejifunga khanga tu, kisha andika. Mtu wa kilo 60 akipoteza kilo 3 ndani ya mwezi, hiyo ni asilimia 5 ya uzito wake, na daktari anatakiwa aambiwe kabla ya dozi inayofuata. Usiamini macho yako. Unayekaa naye kila siku humwoni akipungua. Na kama miguu imevimba, mizani nayo itakudanganya, hivyo angalia pia kama sketi imeanza kumzunguka kiunoni.

Kwenye daftari hilohilo andika alichokula na saa aliyokula. Baada ya siku kumi nikaona kitu ambacho sikukitegemea: mama alikula vizuri kati ya saa moja na saa nne asubuhi, na jioni hakutaka hata harufu ya jiko. Nikahamisha mlo mkubwa. Wali na samaki ukawa chakula cha saa mbili asubuhi, jioni ikabaki uji au mtindi. Majirani walishangaa, lakini mizani ilisimama.

Muulize daktari jina la dawa inayopita kwenye dripu, kwa sababu kila dawa ina tabia yake. Sisplatini, ambayo ndiyo aliyokuwa akipewa mama, inaweza kuumiza figo, na wagonjwa wengi huambiwa wanywe lita 2 hadi 3 za maji kwa siku, siku ya dripu na siku zinazofuata. Oksaliplatini, inayotumika sana kwa saratani ya utumbo, inafanya koo na vidole vipate ganzi au kuchomachoma vikigusa kitu cha baridi, hivyo huyo usimpe barafu wala juisi ya friji siku hizo. Na anayekwenda kupigwa mionzi ya mdomo au shingo aonwe na daktari wa meno kabla ya kuanza. Kung'oa jino baadaye, kwenye taya lililokwisha kupigwa mionzi, ni hatari.

Hatua ya 2: Sahani ndogo, chakula kizito

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Mgonjwa hawezi kula, basi tunampa uji mwepesi na chai ya rangi. Tumbo linajaa maji, anasema ameshiba, na mwili haujapata kitu. Kikombe kimoja lazima kibebe chakula cha sahani nzima.

Chukua hesabu ya protini. Mtaalamu wa lishe alinieleza kuwa mgonjwa wa saratani anahitaji angalau gramu 1 ya protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na ikiwezekana hadi gramu 1.5. Kwa mama wa kilo 53 hiyo ni kati ya gramu 53 na 80. Ukisikia hivyo unaogopa bei ya nyama, lakini hesabu inafikika bila nyama. Mayai mawili yana gramu 12. Glasi mbili za maziwa ni gramu 16. Kikombe cha maharage yaliyoiva ni kama gramu 15, vijiko viwili vya chakula vya karanga za kusaga ni 7, na kipande cha samaki cha kujaa kiganja ni 20 au zaidi. Jumla 70. Dagaa waliokaushwa vizuri, wakasagwa kuwa unga, unaweza kuwatia kijiko kimoja kimoja kwenye mchuzi bila hata mgonjwa kulalamika.

Mafuta nayo usiyaogope, isipokuwa kama anaharisha. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori kama 120. Nilizoea kuongeza tui zito kwenye ndizi, siagi kwenye viazi vya kuponda, na parachichi pembeni ya kila kitu. Mtori wa ndizi na nyama iliyopondwa humfaa sana mwenye koo linalouma. Bokoboko pia: ngano na nyama vinapikwa hadi vinashikana, unamalizia na samli, na mgonjwa anameza bila kutafuna.

Lakini kilichomwokoa mama ni uji wa kimea. Wataalamu wa lishe wa hapa nchini wamewafundisha kina mama njia hii kwa ajili ya watoto tangu miaka ya 1980, na mtu mzima mgonjwa inamfaa vilevile. Loweka ulezi usiku kucha, mwaga maji, ufunike kwa kitambaa safi chenye unyevu siku mbili au tatu hadi uote vimizizi. Uanike juani ukauke kabisa, usugue vimizizi vitoke, usage. Ukiona ukungu hata kidogo, tupa wote.

Siku ya kupika, tia vijiko sita vya chakula vya unga wa lishe, vya kujaa, kwenye nusu lita ya maji. Koroga mpaka uive. Utakuwa mzito mno, mwiko unakaribia kusimama wenyewe, na utadhani umeharibu. Epua, uache upoe kidogo, tia kijiko kimoja cha chai cha unga wa kimea na ukoroge. Ndani ya dakika chache utauona unalegea mbele ya macho yako, mpaka unamiminika kama maziwa mazito. Kimea kinakata wanga, lakini chakula chote kimebaki humohumo. Urudishe motoni uchemke tena dakika tano kuua vijidudu, ndipo uongeze karanga za kusaga, maziwa yaliyochemshwa na sukari. Mama alikuwa anakunywa kikombe kimoja kwa saa nzima, funda moja moja, na bado alikuwa amekula kuliko mtu aliyemaliza jagi la uji wa kawaida.

Karanga na unga vichague kwa macho makali. Karanga zilizosinyaa, zenye ukungu au uchungu zinaweza kuwa na sumukuvu, na kukaanga hakuiondoi. Sumu hiyo hiyo inaharibu ini, ambalo tayari lina kazi ya kushughulikia dawa.

Hatua ya 3: Siku ya dripu

Kosa langu kubwa lilikuwa la upendo. Siku ya dripu ya kwanza nilitaka mama afurahi, nikahangaika mjini kutafuta mgebuka, samaki wa kwao waliotoka Kigoma, nikampikia kwa mawese kama anavyopika yeye. Alikula vizuri saa nne. Saa kumi jioni akatapika wote. Tangu siku hiyo hakuweza hata kusikia jina la mgebuka. Muuguzi alinieleza kuwa ubongo unaunganisha kichefuchefu na chakula kilichotangulia, hata kama chakula chenyewe hakina kosa. Kwa hiyo siku ya dripu mpe vitu vya kawaida visivyo na harufu: mkate mkavu, wali mweupe, viazi vya kuchemsha, yai. Chakula anachokipenda kuliko vyote kifiche hadi siku ambazo tumbo limetulia.

Dawa ya kuzuia kutapika apewe kwa saa iliyoandikwa, hata kama anajisikia vizuri. Ukisubiri aanze kutapika umechelewa, na kidonge chenyewe kitatoka. Chakula cha uvuguvugu au kilichopoa hakitoi harufu kama cha moto, ndiyo maana wengi wanakivumilia zaidi. Mimi nilihamisha jiko la mkaa nyuma ya nyumba na kukaanga vitunguu akiwa amelala. Chai ya tangawizi nyepesi huwasaidia baadhi ya watu, na kipande cha ndimu cha kunusa au kunyonya vilevile. Maji yanywewe kati ya mlo na mlo, maana ukimpa glasi nzima pamoja na chakula, tumbo linajaa. Akimaliza kula akae wima kama saa moja.

Akitapika, subiri nusu saa, kisha mpe maji kijiko kimoja kila baada ya dakika chache. Akishindwa kubakiza hata maji kwa siku nzima, mrudishe hospitali.

Hatua ya 4: Mdomo

Mama alisema kila kitu kina ladha ya msumari. Tulibadilisha kijiko cha bati tukatumia cha mbao, na nyama nyekundu nikaiacha kwa muda, nikabaki na mayai, kuku na maharage. Ndimu na ukwaju kidogo viliamsha ladha, lakini hivyo ni vya mdomo usio na vidonda.

Vidonda vikitokea, kila kitu kichachu, cha pilipili, cha chumvi nyingi na kikavu kinakuwa adui. Acha nanasi, machungwa, nyanya mbichi, kachumbari na chipsi. Ponda, chuja, lainisha: mtori, viazi na maziwa, papai lililoiva, mtindi, uji wa kimea uliopoa. Mrija unasaidia kuvusha chakula bila kugusa kidonda. Robo kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa, asukutue kabla na baada ya kula, na kabla ya kulala, kisha ateme. Nimeona watu wakitia magadi ya kupikia maharage, usitie. Dawa za kusukutua za dukani zenye spiriti nazo zinachoma na kukausha. Mswaki uwe laini.

Ukiona utando mweupe kwenye ulimi ambao haufutiki, huo mara nyingi ni fangasi, na una dawa yake hospitali. Na kama vidonda vimemzuia kumeza kabisa, usikae nyumbani ukipika uji wa aina ya tano.

Hatua ya 5: Tumbo

Mionzi ya nyonga hupita karibu na utumbo, na kuharisha huanza mara nyingi wiki ya pili au ya tatu. Hapa ushauri wote wa kawaida unageuka. Dona, mboga za majani, maharage na maganda yake, mahindi ya kuchoma, vitu tunavyoambiwa kila siku kuwa ni afya, vinazidisha. Kwa wiki hizo mpe sembe, wali mweupe, ndizi mbivu, viazi visivyo na maganda, yai la kuchemsha, samaki wa kuchemsha, kuku asiye na ngozi. Punguza mafuta, kahawa na pilipili. Hesabu ya protini ya hatua ya 2 ifikie kwa mayai na samaki badala ya maharage. Maziwa yakimsumbua, jaribu mtindi.

Kila anapokwenda chooni anapoteza maji na chumvi, kwa hiyo weka ORS, ile pakiti ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, karibu na kitanda. Ukikosa pakiti, tumia lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha kwa kisu. Usizidishe chumvi. Akienda mara nne au zaidi ya kawaida yake kwa siku, au ukiona damu, mpigie daktari. Dawa ya kufunga tumbo usinunue kwa kubahatisha.

Wengine wanapata kinyume chake. Dawa za kuzuia kutapika kama ondansetroni, na mofini ya maumivu, zinafunga choo vibaya. Huyo anahitaji maji, papai, maembe, dona, mboga na kutembea kidogo uani. Anayetumia mofini kwa kawaida anahitaji pia dawa ya kulainisha choo, iombe mapema. Chumvi ya haluli usimpe bila kuuliza. Na kama choo kimefunga, tumbo limevimba na anatapika, hilo si la kutibiwa kwa papai, ni la kukimbia hospitali.

Hatua ya 6: Usafi na homa

Chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maambukizi, hushuka zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya kemo nyingi. Siku hizo mchuzi uliolala ambao wewe unaula bila shida unaweza kumlaza yeye wodini. Pika upya, ale chakula muda mfupi baada ya kupikwa, kilichobaki kiingie kwenye friji au kiliwe na wengine. Yai liive hadi kiini kigande. Maziwa ya kupima mtaani yachemshwe, na mtindi utokane na maziwa yaliyochemshwa. Matunda yawe ya kumenya, uyamenye mwenyewe kwa mikono iliyonawa. Acha kwa muda kachumbari, juisi ya miwa ya barabarani na mishkaki isiyojulikana imekaa saa ngapi.

Nunua themomita. Joto likifika 38, hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Sisi tumezoea: homa ni malaria, tunakwenda duka la dawa kwanza. Kwa mgonjwa wa kemo saa hizo chache zinaweza kumgharimu maisha, na panadol inaficha homa bila kutibu maambukizi. Waambie mapokezi mara tu mnapofika kwamba yuko kwenye kemo.

Hatua ya 7: Wageni na maneno yao

Watakuja kumjulia hali, na watakuja na mapendo, chupa na majani. Wasikilize kwa heshima, ila mlango wa jikoni ushike wewe.

Utaambiwa sukari inalisha saratani, hivyo mgonjwa aache sukari, wali, hata matunda. Kila chembe ya mwili hutumia sukari, na ukimnyima mgonjwa wanga, mwili unaanza kula misuli yake. Nilimwona mama mmoja kwenye benchi la kusubiri mionzi, ndugu zake wamemwekea marufuku ya nyama, maziwa na sukari kwa pamoja. Alikuwa anaishi kwa mboga za kuchemsha. Alikuwa hawezi kunyanyuka bila kushikwa.

Utaletewa majani ya mstafeli, unga wa mlonge, alovera. Stafeli tunda ni chakula kizuri. Majani yaliyochemshwa na unga wa kwenye kopo ni jambo jingine: hakuna aliyethibitisha kwa wagonjwa kwamba yanaponya saratani, na mengine yanagombana na dawa ndani ya ini. Hata balungi, tunda la kawaida kabisa, linabadilisha nguvu ya baadhi ya vidonge vya saratani. Chochote kinachoingia, mwonyeshe daktari kopo lenyewe. Juisi ya rosela na bitiruti, ambayo watasema inaongeza damu, apewe akiipenda, lakini damu inayoshuka kwa kemo hushuka kwa sababu uboho ndani ya mifupa umezuiwa kutengeneza mpya, kwa hiyo usiache kwenda kupima kwa kutegemea juisi.

Ramadhani ilitukuta katikati ya mionzi. Mama alitaka kufunga. Sikubishana naye, nilimwomba ustadhi wetu aje aketi naye, akamsomea ile aya ya Suratul Baqara inayompa mgonjwa ruhusa. Kuanzia kesho yake alikunywa uji wake mchana bila kujificha.

Hatua ya 8: Siku anazokataa

Zitakuwepo, na hapo utashawishika kumgombeza. Mimi nilimgombeza mara moja, akaniambia, "Mwanangu, hujui ninavyotamani kula." Sikurudia. Badala ya kuuliza "utakula nini?", weka kisahani chenye vijiko vitatu karibu naye, kaa chini, kula chako. Kila saa mbili rudi na kitu kingine kidogo. Sahani ikijaa sana anashiba kwa kuitazama. Akipata nguvu ya kutembea hadi mlangoni kabla ya kula, njaa huja kidogo.

Siku moja au mbili za kula vibaya mwili unazivumilia. Wiki nzima haivumiliki. Mpeleke, kuna dawa za kurudisha hamu na kuna kulishwa kwa mpira, na mpira wa pua wa muda haumaanishi kwamba wamekata tamaa naye.

Mionzi ikiisha usitegemee kila kitu kirudi wiki hiyohiyo. Tumbo la mama lilitulia baada ya wiki kama nne, ladha ilichukua miezi. Dona na maharage nilivirudisha kimoja kimoja, kijiko kwanza, nikisubiri siku mbili kabla ya kuongeza. Kuhusu mgebuka sikumgusia. Mwezi wa saba, tukiwa Ujiji, aliuliza mwenyewe kama wavuvi wamerudi na nini. Alikula kipande cha mkia na ugali wa muhogo, kichwa akakiacha, kile ambacho zamani hakumpa mtu.